Rénald Deschaine na Nyumba ya Kumi na Nne

Rénald Joseph Deschaine, ambaye tunamlaza leo Alhamisi tarehe 10 Novemba 2022, alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Machi 1958 nyumbani kwa baba yetu, Barabara ya Kinu, hapa hapa Sainte-Odile, katika bonde la mto Saint John, kaskazini mwa Maine. Alikuwa mtoto wa saba na kitinda mimba wa Onésime Deschaine na Albertine Bouchard. Mama hakuinuka tena baada ya uzazi ule. Siku ya kumi na moja alifariki. Mimi Laurette nilikuwa na miaka kumi na tatu, na shule nilishaiacha darasa la nne. Baba alinipa yule mtoto akiwa amezungushiwa shati la flana, akasema, "Haya, Laurette, huyu ni wako." Akawa wangu. Siandiki haya ili nisifiwe. Nimeyaandika ili asitokee mtu baadaye kuniuliza nina haki gani ya kusema yaliyo huko chini.

Padri aliomba ukurasa mmoja. Wifi yangu Claudette aliomba niandike mazuri peke yake. Nimewasikia wote wawili. Mireille, binti wa marehemu, amenirekebishia herufi. Maneno hakuyagusa, nilimkataza.

Marehemu alianza shule ya masista mwaka 1964. Siku zile mtoto akisikika uwanjani anasema Kifaransa, lugha yetu ya nyumbani, alisimamishwa akitazama ukuta. Rénald alisimama hapo kuliko wenzake wote, halafu akaacha kusema kabisa akiwa shuleni, akawa anahesabu tu, maana namba hazikuwa zimepigwa marufuku. Alihesabu mbao za ukuta. Msimu wa kuvuna viazi, shule ikifungwa wiki tatu, alihesabu mapipa ya shamba zima kwa kichwa na msimamizi akawa anamuuliza yeye badala ya kutazama daftari lake.

Alipokuwa na miaka tisa alinitengenezea kengele ya mkate. Alichukua uzi, chupa ya maziwa na mtego wa panya, akavipanga juu ya bakuli, ili unga ukiumuka ufikie uzi, mtego ufyatuke, chupa ilie, nami nijue. Siku ya kwanza baba alipita, akainama kunusa unga, mtego ukamnasa kidole. Baba aliruka ruka jikoni akashika mkono, akasema, "Huyu mtoto atatutajirisha au atatuua!" Tulicheka mpaka tukakaa chini. Nimelikumbuka sana neno lile mwaka huu, na sijacheka.

Alimaliza sekondari mwaka 1976, wa kwanza katika darasa lake, akaenda chuo kikuu Orono kusomea kompyuta, akahitimu Mei 1980. Ni wa kwanza kwa kina Deschaine kuvaa joho. Kisha alikwenda Hartford, Connecticut, akafanya kazi miaka saba katika kampuni kubwa ya bima. Hakuipenda. Aliniambia, "Dada, kule naandika kipande kidogo cha kitu kikubwa. Sijawahi kumwona hata mtu mmoja anayekitumia." Mwaka 1987 alirudi nyumbani, akaweka meza, kompyuta mbili na printa chini ya nyumba ya baba, kwenye chumba cha chini ya ardhi, akaanza kuwaandikia programu wafanyabiashara wa bondeni, mmoja mmoja, kila mtu na yake.

Hapa lazima nieleze alivyofanya kazi, maana ndipo jambo lenyewe lilipo.

Programu za dukani zinamtaka mtu ajikunje zilivyo. Za Rénald zilijikunja mtu alivyo. Mteja mpya akija, Rénald alikwenda kukaa dukani kwake wiki nzima bila kugusa mashine. Alikunywa kahawa yao, akala ploye zao, zile chapati laini za hapa kwetu, akauliza maswali. Nani anakuja lini? Nani hataki kupigiwa simu? Nani hampendi nani? Fernande wa saluni, mteja wake wa kwanza, alimwambia kwamba Jeannine na Rita, wake wa ndugu wawili, hawajasemezana tangu mazishi ya mama mkwe wao na wakikutana kwenye viti vyake watachomana kwa mikasi. Rénald akaandika kwenye programu kwamba Jeannine akiwa na nafasi asubuhi, Rita asipewe asubuhi hiyo. Ndiyo maana kwa miaka thelathini wale wawili hawakukutana kwa Fernande, na kila mmoja alidhani ni bahati yake. Wamekaa hapa leo, pande mbili za kanisa. Poleni. Sasa mmejua.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Aliwaandikia wenye maghala ya viazi, daktari wa ng'ombe, fundi wa misumeno. Alimwandikia hata mzee wa mazishi aliyesimama pale mlangoni, programu ya kujua nani amelala wapi makaburini, na juzi nilimlazimisha aende na utepe akapime kwa mkono kama hili tulilochimba ni la Rénald kweli. Aliniambia, "Bi Laurette, programu haijawahi kukosea." Nikamwambia, "Kapime." Akapima. Ni lake.

Wateja wote walikuwa ishirini na watatu. Tabia zao, magomvi yao na upendeleo wao vyote viliingia ndani ya mashine, na hakuna karatasi iliyosema nini kimeandikwa wapi. Karatasi ya nini? Rénald alikuwepo. Ukitaka kujua, unampigia simu, anajibu papo hapo. Tulijivunia hilo. Mimi nilijivunia kuliko wote, nikawa nawaambia watu dukani kwamba mdogo wangu ana bonde zima kichwani.

Tarehe 17 Juni 1989 alifunga ndoa katika kanisa hili na Claudette Saucier, mwalimu wa muziki. Claudette alimpata kwa kumtukana. Alikwenda kulalamika kwamba programu ya ratiba ya kwaya inamweka yeye mwisho kila wiki. Rénald akamwambia, "Nimeandika kwa kimo, dada. Warefu nyuma." Claudette akamjibu, "Basi andika upya, au uje usimame nyuma na mimi." Akaenda kusimama nyuma, na hakuondoka. Mungu aliwajalia binti mmoja, Mireille, tarehe 2 Mei 1991. Walikuwa na ndoa tulivu. Sina la kuongeza hapo, na Claudette anajua nampenda hata tukigombana.

Mwaka 1994 Gérard Corriveau, mwuza mafuta ya kupashia nyumba joto, alimwomba Rénald programu. Kwa wageni waliotoka Connecticut nieleze: hapa mtu hapigi simu kuomba mafuta. Tangi liko chini ya nyumba, na lori linakuja lenyewe. Zamani marehemu mke wa Gérard alikadiria kwa kadi na penseli. Programu ya Rénald ikachukua kazi ile. Inajumlisha baridi ya kila siku, inajua kila nyumba inakula mafuta kiasi gani, na tangi likikaribia robo inachapa karatasi ya dereva. Kadi za Gérard zilikuwa kwenye droo ya mbao yenye nafasi mia sita, basi na programu ikapewa namba mia sita, zaidi ya hapo haipokei. Kila mteja ana namba yake. Nyumba zaidi ya mia tano, na nyingi ni zenu mliokaa hapa.

Gérard naye alikuwa na ya kwake ya kumwambia Rénald. Mteja namba 318 alikuwa Mzee Télesphore Hébert, Mungu amrehemu, aliyemfukuza dereva kwa koleo la theluji akisema hakuna mashine itakayomwambia lini ana baridi. Gérard akamwambia Rénald wakiwa wanakunywa kahawa, "Huyu 318 asichapwe kamwe. Akitaka atapiga simu mwenyewe." Rénald akaandika: 318, kamwe. Akaandika na wengine. Huyu barabara yake ni tope mwezi wa nne, asubiri. Huyu huenda Florida kila Januari, arukwe. Wote aliwaita wateja maalumu, na kwa fahari akaweka mashine iwe inaonyesha idadi yao kila asubuhi inapowashwa. Haisemi ni nani. Inasema ni wangapi.

Aprili 2008 mto ulifurika, maji yakaingia chini ya nyumba. Kompyuta zilizama, na maandishi ya programu ya Corriveau, yale ambayo Rénald mwenyewe angeweza kuyasoma na kuyarekebisha, yaliharibika. Iliyobaki ni ile iliyokuwa ofisini kwa Gérard, ambayo inasomwa na mashine peke yake. Ilikuwa inafanya kazi vizuri. Rénald alisema ataiandika upya akipata nafasi, na Gérard hakumsukuma.

Mzee Télesphore alifariki mwaka 2019. Oktoba 2021 Bi Exilda Nadeau, mwalimu mstaafu wa miaka themanini na moja, alihamia nyumba ndogo nyuma ya posta. Gérard akamjazia tangi, akatafuta nafasi kwenye droo, akaona 318 iko tupu. Akampa.

Mmeshaelewa. Mimi nilichelewa kuelewa, na Rénald alichelewa zaidi.

Jumamosi tarehe 22 Januari 2022, nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri, jirani alimkuta Bi Nadeau jikoni ameketi mbele ya oveni ya umeme iliyo wazi, amevaa makoti mawili, miguu imekuwa ya buluu. Boila ya kupashia nyumba joto ilikuwa imeishiwa mafuta na kuzimika tangu Alhamisi. Alikatwa vidole vitatu vya mguu. Rénald alikwenda kumwona hospitali, nami nilikuwepo. Alimuuliza, "Bi Exilda, kwa nini hukupiga simu?"

Akasema, "Nipige ya nini, mwanangu? Nilijua lori litakuja. Nilijiambia, Rénald anajua."

Nilimwona mdogo wangu akishika ukuta.

Kutoka hospitali alikwenda moja kwa moja kwa Gérard, akawasha mashine. Skrini ikaandika: wateja maalumu, 14.

"Gérard, hawa kumi na wanne ni nani?"

"Si wewe uliyewaandika?"

"Si wewe uliyeniambia?"

"Rénald, bwana, hiyo ilikuwa mwaka tisini na nne. Mimi jana sikumbuki nilikula nini."

"Ulikula ploye, kama kila siku. Nani wengine?"

Waliwakumbuka watano. Kati ya hao watano, wawili walishafariki na namba zao zilikuwa na watu wengine. Dereva alitumwa mbio. Nyumba moja ilikuwa imebakiza mafuta ya siku mbili, na ndani mlikuwa na mtoto mchanga.

Tangu siku ile Rénald hakula vizuri. Sote tulidhani ni hofu. Ilikuwa hofu, na ilikuwa pia saratani ya kongosho. Daktari wa Bangor alimwambia tarehe 19 Aprili 2022. Rénald aliuliza swali moja tu: "Nitafika baridi ijayo?" Daktari akasema haahidi. Rénald akaniambia garini, "Basi baridi lazima ziletwe sasa hivi."

Nilidhani dawa zimemchanganya. Hazikumchanganya. Alichukua nakala ya programu, akaileta nyumbani, akaanza kuidanganya. Aliiambia ni Oktoba, halafu ni Novemba, akailisha baridi ya uongo siku baada ya siku mpaka Mei, na karatasi za dereva zikawa zinatoka. Nyumba isiyopata karatasi katika baridi nzima ndiyo iliyofichwa. Mimi kusoma si mwepesi, lakini namba nazijua. Nimehesabu mapipa ya viazi miaka arobaini. Yeye alikaa kwenye kiti na mto mgongoni, mimi nikashika orodha na penseli.

"Mia mbili na nne."

"Ipo."

"Mia mbili na tano."

"Ipo."

"Mia mbili na sita."

"Rudia, Dada."

"Mia mbili na sita. Haipo, Rénald. Haipo!"

Basi tunampigia Gérard, Gérard anamhamisha mtu wa namba ile, na ile namba inapigwa msumari isipewe mtu tena. Julai nje watu wanaogelea, sisi ndani tuko kwenye theluji. Tulipita baridi arobaini na moja. Tulijaribu baridi kali, baridi laini, baridi iliyochelewa, baridi yenye mvua katikati. Baadhi walifichika mwezi mmoja tu kisha wakaonekana. Hao ndio wabaya, kwa kuwa mtu akitazama haraka anadhani wapo. Mpaka mwisho wa Agosti tulikuwa tumewapata kumi na watatu.

Kumi na watatu. Mashine inasema kumi na wanne.

Mwezi huo huo Bi Nadeau alikuja na mkongojo wake, hakuitwa na mtu. Alikaa mbele ya Rénald akamwambia, "Nina vidole saba. Vinanitosha kwenda kanisani. Acha kunililia mimi, mtafute mwenzangu."

Alimtafuta. Septemba nzima alikaa barazani na blanketi, macho amefumba, anajaribu kumwona Gérard wa mwaka 1994. Aliniambia, "Dada, namwona amesimama, kikombe mkononi, ameshaaga. Anageuka, anasema, 'Na huyu, kama…' Halafu sisikii." Nikamwambia asijichoshe. Akaniambia, "Huelewi. Wengine ni kamwe, au ni Januari, au ni tope. Huyu ni kama. Kama kitu fulani kikitokea. Na hicho kitu sikukijaribu kwa sababu sikijui." Akajivutia blanketi mpaka kidevuni, na haikuwa baridi. Nimemlea mtu huyu tangu ana siku kumi na moja. Nimemwona na surua, nimemwona akitolewa mtoni karibu azame. Sijawahi kumwona akiogopa vile, na tangu hapo ninaogopa hivyo hivyo.

Nilimwuliza kwa nini wasiwabadilishie watu wote namba. Akasema kufanya hivyo ni kuihamisha hatari kutoka jiko la mtu mmoja kwenda jiko la mwingine. Nilimwuliza kwa nini Gérard asiitupe mashine. Gérard ameshaagiza programu nyingine Portland, itafika Juni. Kati ya leo na Juni kuna nini, kila mtu hapa anajua.

Gérard alinifuata nyumbani. "Laurette, labda ni namba isiyo na mtu. Labda nyumba yenyewe ilishaungua."

"Labda. Na labda ni yako."

"Mimi najipa mafuta mwenyewe!"

"Basi wewe umepona. Wengine je?"

"Ukisema hayo mbele ya watu watanihama wote."

"Wahame wakiwa hai."

Alikunywa kahawa yangu akaondoka bila kuaga. Yupo leo, safu ya tatu, ameinamisha kichwa. Gérard, mwenzangu, sikuchukii. Wewe ulisema na Rénald akaandika, na sote tulioishi kwa raha miaka ishirini na minane hatukuuliza.

Mapema wiki iliyopita Rénald hakuweza tena kuinua kikombe. Ijumaa aliniambia nichukue kalamu. Mimi kalamu! Nikamwambia nimwite Mireille, akakataa. "Wewe, Dada. Wewe watakuogopa." Alinitamkia polepole, nami nikaandika: kwamba kosa ni lake, kwamba iko nyumba moja Sainte-Odile ambayo lori halitafika siku moja baridi hii, na hajui ni ipi, kwamba mtu asikae akingoja. Kisha akasema, "Soma." Nikasoma, nikikwama kwama. Akasema, "Rudia." Nilirudia mara tatu. Mara ya tatu alikuwa amelala.

Jumapili tarehe 6 Novemba 2022, saa nne asubuhi, watu wakitoka misa, Rénald alifariki dunia nyumbani, mkono wake mmoja kwa Claudette na mmoja kwangu. Alikuwa na miaka sitini na minne. Maneno ya mwisho aliyomwambia mkewe ni yake Claudette. Aliyoniambia mimi ni, "Umeiweka wapi ile karatasi?"

Jumatatu Claudette alinikuta mezani naandika haya. Alisoma, akakaa kitako.

"Wifi, unataka kumzika ndugu yako au kumshtaki?"

"Nataka kumzika yeye peke yake, asifuate mwingine."

Akasema, "Miaka thelathini na mitatu watu wamemsifu. Utawapa hili waende nalo nyumbani?"

Nilimwambia ndiyo. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyemtangaza kwa kila mtu kwamba hakosei, mimi ndiye niliyewafanya watu waache kutazama matangi yao, na sifa hiyo ningependa kubaki nayo kuliko kitu chochote nilicho nacho. Lakini nimeona miguu ya Exilda. Claudette alilia. Halafu yeye mwenyewe akaipeleka karatasi yangu mpaka kwa mchapaji, na akamwambia asipunguze neno. Ndiyo maana haya yamechapishwa, ili asiwepo wa kusema hakusikia.

Wachimba kaburi walituambia tumewahi. Wiki mbili zaidi na ardhi ingeganda kuwa jiwe, Rénald angesubiri kwenye ghala la maiti mpaka Mei kama wenzake wanaofariki Februari. Asubuhi ya leo kulikuwa na barafu kwenye ndoo yangu ya nje. Mashine ya Gérard imeshaanza kujumlisha.

Marehemu ameacha mjane, Claudette. Binti, Mireille, na mumewe Kevin, wa Lewiston. Mjukuu mmoja, Anaïs, mwenye miaka minne. Dada mmoja, mimi Laurette Deschaine Gagnon. Na wapwa ishirini na wawili. Ametanguliwa na baba, mama, kaka watatu na dada wawili. Ameacha pia wateja ishirini na watatu wenye mashine ambazo sasa hakuna anayejua zimeandikwa nini. Ninyi ishirini na watatu nawaomba mbaki nyuma ya wengine, tuzungumze.

Nyuma ya ratiba hii, mahali pa wimbo wa mwisho, nimeweka mistari miwili. Wa kwanza ni wa namba yako kwa Corriveau. Wa pili ni wa kipimo cha tangi lako. Kila Jumamosi kabla ya saa sita mchana utanisomea kipimo kwa simu, na mimi nitaandika. Usiponipigia nitakupigia mimi. Usipopokea nitakuja mlangoni, na mnanijua. Msiniambie mnaona aibu kumsumbua bibi wa miaka sabini na minane. Msiniambie lori halijawahi kukosa kwenu. Kwa Exilda pia halikuwa limewahi kukosa. Na wewe ambaye unafikiri moyoni kwamba hii haikuhusu, mimi wiki hii nimekosa usingizi kwa ajili yako. Sijui jina lako. Yawezekana nimekushika mkono leo mlangoni.

Penseli ziko ukumbini, karibu na kitoweo cha kuku.

Mungu ampokee Rénald na amtoe hofu yake, maana alikwenda nayo. Na wewe unayesikia haya, ukifika nyumbani leo, kabla hujavua viatu, shuka chini ukaangalie.